Kitanda cha Mathayo

Kila asubuhi, kabla hajaweka mguu chini, mzee Tofano aligeukia ukutani akamwamkia Mtume Mathayo.

"Shikamoo, mtoza ushuru."

Halafu alijijibu mwenyewe kwa sauti nzito: "Marahaba, mshona viatu. Umelalaje?"

"Nimelala."

Ndipo aliposhuka kitandani.

Mathayo alichorwa kwa rangi nyekundu juu ya kitanda, na mchoraji alilipwa kidogo, kwa hiyo jicho moja lilitazama mbinguni na jingine lilitazama mlangoni. Vitanda vyote vya Nyumba ya Maskini vilikuwa hivyo, kumi na viwili, kila kimoja na mtume wake. Bwana Bandino ndiye aliyeijenga. Alikuwa ameuza sufu na kukopesha kwa riba miaka arobaini, kisha tumbo likaanza kumuuma, na watawa wakamwambia maumivu hayo ni kionjo tu cha yale ya toharani. Mwaka uleule nyumba ikasimama. Maskini kumi na wawili walipewa kitanda, kanzu ya kijivu na chakula mpaka kufa, na kazi yao ilikuwa moja, kumwombea Bwana Bandino.

Sala zilipimwa kwa maharage. Kila mzee alipewa bakuli lenye maharage mia moja. Akisema Baba Yetu moja, anahamisha harage moja kwenye chungu cha katikati, na chungu kikijaa kinakwenda jikoni, ndicho chakula cha jioni. Kwa hiyo asiyesali anawapunja wenzake. Mzee Pagno wa kitanda cha Petro alikuwa akihamisha matatumatatu, na akiulizwa anasema yeye husali haraka.

Mama yangu alikuwa mfuaji wa nyumba ile, nami niliingia na kutoka na kapu. Mtu mwenye kapu la nguo chafu hakuna anayemwangalia, ndiyo maana nimeyaona mengi.

Tofano alikipata kitanda chake baada ya kulala misimu miwili ya baridi chini ya upenu wa watengeneza ngozi, na vidole viwili vya mguu wa kushoto viliuawa na baridi vikabaki kulekule. Alikipenda kile kitanda kama watu wengine wanavyopenda mke. Alikipiga-piga kwa kiganja akipita. Kazi ya viatu hakuiacha kabisa. Mchana alikaa uani akashona vya watu wa mtaa, akapewa yai, kitunguu, kipande cha jibini, na umbea, ambao aliupenda kuliko jibini.

Siku moja mwezi wa nane msimamizi wa nyumba, Naldo, aliingia uani akiwa amevua kofia.

"Wazee wangu, nisikilizeni. Bwana Bandino ameamua kuwa maskini."

Wazee wakatazamana.

"Lini?" akauliza Pagno.

"Jumatatu."

"Mbona asianze leo?"

"Jumapili ana wageni."

Naldo akaeleza. Bwana ameshauriwa kwamba kuwaombesha maskini ni vizuri, lakini kufa ukiwa maskini mwenyewe ni vizuri zaidi. Kwa hiyo atahamia hapa, avae kanzu ya kijivu, afe kama wazee wale. Na amechagua kitanda cha Mathayo, kwa sababu Mathayo naye alikuwa mtu wa fedha akaziacha.

"Na kiko karibu na moto," akasema Pagno.

"Hiyo imetokea tu."

Tofano alikuwa ameshika kiatu cha muuza samaki. Alikiweka chini polepole. "Na mimi?"

"Wewe, mzee wangu, utatuachia nafasi. Jumatatu."

"Ongeza kitanda, Naldo. Ukumbi ni mpana."

"Mitume ni kumi na wawili. Nikiweka cha kumi na tatu kitakuwa cha nani? Cha Yuda. Bwana hawezi kulala kwa Yuda."

"Nitalala mimi kwa Yuda. Sina neno naye."

"Nawe huwezi. Sala itokayo kitanda cha Yuda itamfaa nani? Si itamtosa bwana motoni kabisa?"

Mama, ambaye ana jibu la kila kitu, aliendelea kukamua kanzu.

Jumatatu umaskini wa Bwana Bandino ukafika juu ya nyumbu wawili. Kulikuwa na godoro la manyoya, mito mitatu, kiti chenye tundu cha kuendea haja, na sanduku ambalo watumishi wanne walilibeba wakihema. Mwenyewe alikuja kwa miguu, peku, maana alitaka kuanza vizuri, na kutoka nyumbani kwake mpaka kwetu ni hatua kama sitini. Alipofika alikuwa analia. Akavishwa kanzu. Akajikuna shingo, akajikuna kwapa.

"Kitambaa gani hiki? Kinawasha kama upupu. Nani alituuzia?"

Naldo akatazama miguu yake. "Ni wewe, bwana."

Tofano alikuwa amekaa kitandani, mikono imeshika ubao wa pembeni. Walimwambia ainuke, hakuinuka. Wakamvuta, kitanda kikaja naye. Ndipo akaitwa Ndugu Accursio, mtawa aliyemwungamisha Bwana Bandino, aje aamue. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kusinzia. Wakatoka wote uani kwenye mawe yetu ya kufulia, kwa sababu ndiko kulikokuwa na kivuli.

"Nyumba hii ni ya maskini," akasema Ndugu Accursio. "Basi nitawauliza. Kati yenu wawili, nani maskini zaidi?"

"Mimi," akasema Bwana Bandino. "Sina kitu. Duka ni la wanangu. Shamba ni la watawa. Nyumba hii nimewapa hawa."

"Na nyumbu?" akauliza Tofano.

"Wa mkwe wangu."

"Na godoro?"

"La mke wangu. Nimeazima." Akamgeukia mtawa. "Muulize yeye ana nini, Ndugu. Usimwone hivyo."

"Nina kisu na shazia ya kushonea ngozi," akasema Tofano.

"Umesikia? Ana vyombo vya kazi. Mimi sina hata kijiko."

"Wewe una watu wa kukushikia kijiko, bwana."

"Na mayai je? Naldo ameniambia juu ya mayai. Huyu anakula mayai, Ndugu, mimi daktari amenikataza."

"Basi nakupa kisu, nakupa shazia, na yai la leo hili hapa." Tofano akaviweka vyote juu ya jiwe, mbele ya mtawa. "Sasa nimebaki na kitanda tu. Nacho ndicho mnachotaka kuninyang'anya, kwa hiyo mkikichukua nitakuwa maskini kuliko yeye, na nyumba ni ya maskini, itabidi mnirudishe."

Pagno alicheka mpaka akaegemea ukuta. Ndugu Accursio alifumba macho kama anayesali, lakini tumbo lake lilikuwa linatikisika.

Bwana Bandino aliona mambo yanamwendea upande, akafanya alivyofanya maisha yake yote. Aliinama kwa Tofano akamnong'oneza. Ila masikio yake ni mazito, na mtu wa namna hiyo akinong'ona husikika mpaka kisimani.

"Florini tano. Za dhahabu. Mwanangu atakuletea sasa hivi. Niachie kitanda."

Nilimwona Tofano anatazama mguu wake wa kushoto. Mtu mzima mwenye florini tano anakula mpaka Pasaka, labda na zaidi. Lakini baada ya Pasaka huja baridi nyingine, na upenu wa watengeneza ngozi haujahama.

"Sitaki," akasema. "Nataka kitanda changu."

Ndugu Accursio akafumbua macho. Usingizi ulimtoka wote. "Amekataa dhahabu," akasema taratibu, kisha akasema tena kwa sauti ya kanisani. "Mzee huyu amekataa dhahabu."

"Sikukataa dhahabu, Ndugu. Nimekataa kufukuzwa."

Hakuna aliyemsikia. Naldo alishapiga ishara ya msalaba. Mchana mtaa mzima ulijua Tofano amekataa florini tano. Jioni zilikuwa hamsini, na alizitemea mate. Kesho yake muuza samaki aliapa kwamba dhahabu iligeuka majivu mkononi mwa Bwana Bandino, na yeye alikuwa anaangalia kwa macho yake, ingawa siku ile alikuwa sokoni.

Na Bwana Bandino hakukasirika hata kidogo. Aliwahi kuona bei ya kitu ikipanda, na aliijua ishara yake.

"Huyu haondoki," akamwambia Naldo. "Huyu ndiye wa kuniombea. Sogeza kitanda cha Petro, weka godoro langu hapo, nilale karibu naye."

"Na mimi?" akauliza Pagno.

Pagno akapelekwa kulala jikoni, akafurahi sana.

Hivyo Tofano akashinda. Kitanda kikawa chake mpaka kufa, hakuna wa kumgusa. Mama alimpongeza.

Lakini sala za mtu aliyekataa dhahabu haziwezi kuwa mia. Bwana Bandino alimwongezea bakuli hadi maharage mia nne, na wazee wengine wakafunga mdomo, wakangoja kula. Viatu akakatazwa, kwa kuwa mtakatifu hashiki ngozi ya mzoga. Vitunguu akakatazwa, kwa kuwa sala inatoka kinywani na haifai kunuka. Mayai aliyoletewa yalitiwa kwenye kapu la nyumba, naye akiambiwa ayabariki kwanza. Wanawake walikuja na vitambaa kumfuta jasho wakaenda navyo. Akikohoa usiku, Bwana Bandino aliinua kichwa kwenye mito yake mitatu.

"Hicho kikohozi umekitoa kwa ajili ya roho yangu?"

"Ndiyo, bwana."

"Ahsante. Toa kingine."

Umbea nao ulikwisha. Watu walimjia wakiwa na nyuso za ibada, wakaongea naye kama wanaongea na padre mgonjwa. Hata Mama alipomsimulia habari za binti wa mwokaji na yule askari, aliacha katikati akaomba radhi.

"Endelea, mama wee," akasema Tofano. "Askari akafanyaje?"

"Si maneno ya kukwambia wewe, Baba."

Pagno akamwambia ana bahati.

"Ichukue."

"Mimi sina utakatifu. Mimi napenda vitunguu."

Mwezi wa tisa ikakaribia sikukuu ya Mtakatifu Mathayo. Bwana Bandino akaagiza maandamano. Kitanda kibebwe na wanaume wanane kikizunguka mji, Tofano amekaa juu yake anasali, na yeye Bandino afuate nyuma ameshika mguu wa kitanda. Siku ya kuamkia sikukuu akaja fundi wa mawe akiwa na kamba. Akampima Tofano kutoka utosini mpaka kisiginoni, akampima mabega.

"Cha nini hiki?" akauliza Tofano.

"Kaburi," akasema Bwana Bandino kwa upole mkubwa. "Nimekununulia nafasi kanisani, chini ya miguu yangu. Siku ya kufufuliwa tutainuka pamoja, na usipoamka nitakupiga teke."

Fundi akafunga fundo kwenye kamba, akaondoka.

Tofano alikuja kukaa kwenye mawe yetu. Alimtazama Mama akifua, kwa muda mrefu. "Nilitaka mahali pa kulala mpaka nife," akasema. "Basi. Sikuomba na mahali pa kulala baada ya kufa."

Asubuhi ya sikukuu uwanja ulijaa. Mishumaa, msalaba, watoto waliooshwa nyuso. Wanaume wanane walikuwa wanabishana nani akae mbele kwa sababu mtaa wetu una mteremko. Tofano akatoka ukumbini amevaa shati lake la zamani na suruali yenye viraka. Kanzu ya kijivu aliileta kwa Mama, imekunjwa vizuri.

"Haina uchafu mwingi," akamwambia.

Akapita katikati ya watu, nao wakampisha wakiinama. Bwana Bandino alikuwa tayari amekishika kitanda kwa mkono mmoja, na kwa mwingine anajikuna.

"Tofano, unakwenda wapi?"

"Kukojoa, bwana."

"Niombee hukohuko."

"Sawa, bwana."

Akateremka kwa njia ya lango la chini la mji, taratibu, akichechemea kidogo mguu wa kushoto. Mlinzi wa lango alimvulia kofia. Sisi tukasimama pale na mishumaa mpaka nta ikaanza kututiririkia mikononi. Naldo akasema wazee huchelewa, tumpe muda. Bwana Bandino hakukiachia kitanda hata kengele ya adhuhuri ilipolia.

Hakurudi.