Fundi Pumzi

Sisi wauguzi wa wodi ya watoto njiti tunamwita Fundi Pumzi, na jina hilo analipenda kuliko udaktari wake. Mashine aliyoibuni, ambayo ana hataza yake ya uvumbuzi, huingiza kimiminika chenye oksijeni kwenye mapafu ya mtoto pale ambapo hewa imeshindwa kuyafungua. Mashine ina kipasha joto chake, lakini bado yeye huikumbatia kila chupa ya kimiminika hicho kifuani kabla ya kuifungua, kama mtu aliyepakatishwa kichanga cha jirani. Akiongea na wazazi huchuchumaa, sauti chini, bila haraka yoyote. Juzi alichuchumaa mbele ya mama ambaye mwanawe alikuwa ameanza kuwa bluu midomoni.

“Kwa hiyo unataka kumzamisha mwanangu?” mama akauliza.

“Hapana, dada. Tumboni mwako mapafu yake yalijaa majimaji, na aliishi.”

“Tumboni mwangu nilikuwa nampumulia mimi!”

Fundi Pumzi akacheka. “Hapo umenishinda. Kazi yako hiyo ndiyo ninayoiiga miaka yote, na sijakufikia. Lakini naijua. Niruhusu.”

Mama akaitazama mikono ya Fundi Pumzi, kisha akaitikia kwa kichwa. Kimiminika kikaingia polepole, nami niliyeshika mrija nikasahau kuvuta pumzi yangu mwenyewe, mpaka midomo ya mtoto ilipoanza kurudiwa na rangi yake.

“Nimpigie baba yake?” mama akanong’ona.

“Mpigie,” alisema Fundi Pumzi, macho yakiwa bado kwa mtoto. “Mwambie aje na nguo za mtoto.”