Majina ya Kambini Yaliyokataa Kufunguka

Wanaonifahamu wanajua mimi si mtu wa habari za mizimu. Nimekulia Myamba, nyumba yetu ilikuwa hatua chache kutoka kanisani, na mpaka leo naimba kwaya. Kwa hiyo nikikwambia kwamba mchana mmoja mjini Same, saa nane, jua likiwaka, nilikaa chumba kimoja na mtu aliyekwisha zikwa, usinionee huruma. Nisikilize tu. Sikuota na sikuwa mgonjwa.

Ilikuwa miaka ile baada ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Sisi tuliokulia kwenye foleni za sukari, tukafua kwa majani ya mpapai, ghafla tuliona maduka yamejaa, mitumba inamwagwa sokoni, na kila kilichokuwa cha umma kinatafutiwa mnunuzi. Mimi nilikuwa nimetoka Moshi kusoma kompyuta, kozi ya miezi sita, nikaajiriwa na Mzee Elinihaki, mwalimu mstaafu aliyefungua chumba cha kupiga chapa jirani na stendi. Alikuwa na taipureta mbili na kompyuta moja. Ile kompyuta tuliitunza kama mgeni wa heshima. Asubuhi naivua kitambaa cha kufuma kilichotengenezwa na mke wa Mzee, jioni naifunika tena. Ulikuwa huingii na viatu. Hata mkubwa wa serikali aliyeleta kazi alivua viatu mlangoni, akaingia na soksi zake zilizotoboka, na hakuna aliyecheka. Nikikumbuka kile chumba, harufu ya stensili na sakafu iliyopigwa nta nyekundu, moyo wangu unalainika mpaka leo.

Siku moja alikuja Mama Veronika. Alikuwa mwenyekiti wa kambi ya wafanyakazi kwenye shamba la mkonge huko tambarare. Jina la shamba sitalitaja. Watu wa kambini hawakuwa Wapare kama sisi. Wazazi wao waliletwa kwa malori na garimoshi kutoka Kigoma, Songea, Njombe, wakaja kukata mkonge kwa mkataba, wakazeeka humo humo. Veronika mwenyewe alizaliwa kambini, baba yake Muha wa Kasulu, na Kasulu hajawahi kuiona. Alikuwa amebeba daftari kubwa la kazi, jalada limeoza, majina yameandikwa kwa wino wa buluu, mwandiko mzuri wa karani wa zamani.

"Mwanangu, niingizie haya majina kwenye mashine," alisema. "Daftari hili linaliwa na mchwa, nalo ndilo kumbukumbu yetu."

Niliyaingiza. Kila mtu na mstari wake: jina, alikotoka, mwaka alioanza, kazi yake. Nikahifadhi kwenye disketi, kile kisahani bapa cha plastiki tulichotumia wakati ule, nikaiweka kabatini. Daftari Mama Veronika akalirudisha ofisi ya shamba. Nakala ya pili sikutoa. Disketi zilikuwa adimu, nami nilikuwa na umri wa kudhani kilichohifadhiwa kimehifadhiwa.

Mwaka uliofuata shamba likapata tajiri mpya. Vijana wake walisafisha ofisi, wakachoma makaratasi yote ya zamani nyuma ya kiwanda, na daftari likaenda na moto. Kisha likaja tangazo: kambi itavunjwa. Wazee waliofanya kazi miaka kumi na kuendelea watapimiwa viwanja ukingoni mwa shamba, mradi majina yao yaonekane kwenye kumbukumbu. Wengine waondoke. Waende wapi? Mtu amezika baba na watoto pale, unamwambia arudi kwao, kwao ni wapi?

Mama Veronika alifika mbio. "Ile disketi unayo?"

"Ninayo, mama. Usiwe na wasiwasi."

Nikaichomeka. Mashine ikakoroma, ikakwama, ikaleta maneno ya Kiingereza kwamba faili hili halitambuliki.

Sasa wewe unayeshika kompyuta unajua nilichofanya. Nilizima nikawasha. Nilisafisha mdomo wa mashine kwa pamba na spiriti. Nilinakili faili kwenye kompyuta yenyewe, likanakilika vizuri kabisa, nikabofya, likakataa. Nilidhani ni toleo la programu, kwa kuwa tulikuwa tumebadilishiwa, nikarudisha la zamani. Likakataa. Nililifungua kwa programu ya barua, likaja limejaa nyota, visanduku na alama za ajabu, ukurasa baada ya ukurasa. Nilipanda basi kwenda Moshi kwa fundi aliyenifundisha. Akahangaika nalo siku nzima, akanirudishia disketi akisema, "Nimeipima, haina kasoro. Faili zako nyingine humo zote zinafunguka. Ni hili moja tu."

Nilirudi Same siku moja kabla ya kamati ya kugawa viwanja kukaa. Mzee Elinihaki alikuwa amekwenda msibani Mwanga, nikabaki peke yangu. Upepo wa Same ulikuwa unarusha vumbi, nikafunga madirisha. Nilijaribu faili tena na tena mpaka nikaacha, nikalaza kichwa mezani nikalia. Niliona sura za wale wazee. Niliona magodoro yao juu ya mikokoteni.

Nikasikia hodi.

"Karibu," nilisema, nikijifuta macho.

Aliingia mzee mrefu, mwembamba, kaptula ya kaki iliyopigwa pasi, soksi ndefu hadi magotini, penseli sikioni. Aliingia na harufu ya mkonge uliotoka kusagwa, ile harufu kali ya uchachu ambayo mtu wa tambarare haipotezi. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia kitabu kimekataa kufunguka," alisema kwa lafudhi ya Songea.

Nikadhani ametumwa na Mama Veronika. Nikamweleza yote, hata ya Moshi. Alisikiliza kwa makini, akaitazama ile skrini kama mtu anayetazama dirisha la nyumba asiyoijua. Kisha akavuta kiti.

"Kiache hicho," alisema. "Fungua kipya. Mimi nitasoma, wewe andika."

"Utasoma wapi, mzee? Daftari limechomwa."

"Andika, mwanangu. Jua linakwenda."

Nikafungua jedwali jipya. Akaanza. Hakuwa na karatasi, hakufumba macho, hakusita. Jina, alikotoka, mwaka, kazi. Lakini sauti yake ilikuwa ya mtu anayeita watu walio karibu. Na kila baada ya majina machache aliongeza neno. Huyu alikata mkonge huku akiimba, wenzake wakagombania kuwa mstari mmoja naye. Huyu alikuja na mke kwenye behewa la mizigo, mtoto wao wa kwanza akazaliwa kabla hawajafika. Huyu mashine ilimla kidole, tukamwita Kidole mpaka mke wake naye akamwita hivyo. Mwaka wa njaa, ule wa unga wa njano wa msaada, huyu alikuwa akipima mgawo wake, anatoa kikombe kimoja anampelekea mjane wa jirani, na anamwambia amekiokota.

Nilijikuta nacheka, mara natokwa machozi. Nilikumbuka ule unga wa njano nasi tulivyoula juu milimani, mama akiuchanganya na maharage usituchoshe. Ninakuambia ukweli, sijawahi kufurahia kazi kama mchana ule. Niliweka neno la Kidole kwenye safu ya mwisho kwa sababu lilinipendeza.

Tulifika jina la hamsini na sita. Akaishia hapo.

Sasa hapa nilitaka siku zote niparuke, lakini kisa kikikatwa hakina maana. Nilijua bado jina moja. Nilipoliingiza daftari kwenye mashine mara ya kwanza, niliongeza mtu ambaye hakuwamo. Mjomba wangu. Alikuwa mkulima wa Myamba, bei ya kahawa ilimvunja mgongo, akawa amesikia mapema kwamba shamba litauzwa na huenda viwanja vikatoka. Akaniomba. Yeye ndiye aliyenilipia ile kozi ya Moshi. Ningemkatalia kwa mdomo gani? Mstari mmoja tu kati ya wengi, nani angejua?

Kwa hiyo nikaanza kuliandika mwenyewe. Nikabonyeza herufi ya kwanza, haikutokea. Nikabonyeza tena. Ule mstari mdogo unaopepesa ukabaki pale pale.

Mzee akaniuliza kwa upole, "Huyo alikata mkonge sehemu gani?"

Nilihisi uso wangu umewaka moto. "Ni mjomba wangu, mzee. Ndiye aliyenisomesha."

"Mshukuru basi," alisema. "Lakini hapa si pa kumshukuria."

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Nikaondoa mkono, nikachapa orodha. Ile printa ya zamani ikapiga kelele zake, karatasi zenye matundu pembeni zikashuka sakafuni. Ili kuficha aibu nikamuuliza, "Na wewe mzee, jina lako je? Mbona hukujitaja? Nawe si ulifanya kazi pale?"

Alikuwa amekwisha simama. "Mimi sihitaji kiwanja, mwanangu. Ninacho."

Akatoka. Niliinama kukusanya karatasi, nilipoinuka mlangoni palikuwa na jirani yetu, fundi wa kuchomelea mageti. Alikuwa anaangalia huku na huku.

"Dada, nyie mmewasha jenereta? Nimesikia printa yenu."

"Jenereta ya nini?"

"Umeme si umekatika tangu saa sita. Mji mzima. Mimi nimelala tu pale kivulini nasubiri."

Nikageuka. Feni ilikuwa imesimama. Kompyuta ilikuwa nyeusi, taa yake haiwaki. Nikabonyeza swichi ya ukutani, kimya. Nikamuuliza kama amepishana na mzee wa kaptula. Akasema hajaona mtu akiingia wala kutoka, naye alikuwa ameelekea mlango wetu mchana kutwa. Umeme uliporudi jioni niliwasha mashine. Hapakuwa na jedwali lolote jipya. Karatasi tu ndizo zilizokuwepo, majina hamsini na sita, wino mweusi.

Asubuhi nikaenda kambini. Kamati ilikuwa imekaa kwenye mabenchi ya shule. Ofisa aliyeongoza alikuwa mtu mkali lakini wa haki, aliitazama orodha akasema, "Binti, karatasi mtu yeyote anaweza kuchapa." Basi akaishika mwenyewe, wazee wasiione, na kuwaita mmoja mmoja, waseme wenyewe walianza lini, wapi, kazi gani. Aliwasikiliza huku kidole chake kikifuata mistari. Baada ya wazee kumi hivi, sauti yake ilibadilika. Baada ya ishirini akavua miwani.

"Hii ni kumbukumbu ya kweli," alisema. "Viwanja vipimwe."

Sikuwahi kusikia vigelegele kama vile. Mama Veronika alinikumbatia, akaomba aone jina la marehemu baba yake. Aliposoma safu ya mwisho akaniinulia macho.

"Nani alikwambia baba aliitwa Kidole?" aliuliza. "Kwenye daftari halikuwamo. Hilo lilikuwa jina la nyumbani tu."

Nikamweleza juu ya mzee. Kaptula, soksi, penseli, lafudhi ya Songea. Alinishika mkono tukapita nyuma ya kambi, kwenye ua wa minyaa, makaburi yamejipanga kwa safu. Akanionyesha moja, udongo umeshuka, msalaba wa vyuma vya reli ndogo ya troli za mkonge.

"Karani Baltazari," alisema. "Ndiye aliyeandika lile daftari miaka yote. Tulimzika mimi nikiwa msichana."

Nilikaa chini pale pale kwenye majani makavu, na hakuniharakisha.

Jumapili ile nilipanda Myamba nikamweleza mjomba kila kitu, nikiwa nimepiga magoti. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua kofia yake akatoka. Hatukusemezana vizuri tena. Salamu alipokea, lakini hakuniita tena mwanangu, na alikufa bila kuniita. Hicho ndicho kilichonibaki, na kimeniuma kuliko hofu yote ya mchana ule. Nilimlipa mjomba fedha za ile kozi, kidogo kidogo, alizichukua. Nilichotaka anirudishie ni lile neno moja, mwanangu.

Mzee Elinihaki naye ametutoka, chumba sasa ni duka la vocha za simu, na mimi bado naitwa huku na huku kutengeneza faili za watu. Mpaka leo orodha ya majina siiandiki peke yangu. Namtaka mwenye orodha akae karibu, anisomee kwa sauti, mtu mmoja mmoja. Wananiona nachelewesha kazi. Waache waone hivyo.

Kwa hiyo nawe, ukiwa na faili la watu, toa nakala, mbili, tatu, weka mbali mbali. Hilo fundi yeyote atakwambia. Langu ni hili: likikataa kufunguka na umejaribu yote, usianze kwa kuilaumu mashine. Kaa chini, jiulize ni nani umemwingiza asiyekuwamo, au umemfuta aliyekuwamo. Wewe unaona safu na mistari tu. Wao wanafahamiana.