Studio ya Bwana Lakini

Mtaani kwetu ukitazama vitambulisho vya watu utadhani wote walipigwa picha wakitoka kuzika. Macho yamelegea, midomo imeshuka, na wanaume wote wamevaa koti lile lile. Koti ni la studio ya shemeji yangu, mume wa dada, na huzuni ni ya kwake pia. Huyu bwana akikukalisha kwenye stuli yake hapigi picha mpaka akueleze yaliyompata tangu asubuhi. "Nimeamka salama, lakini shingo. Chai ilikuwepo, lakini vuguvugu. Wateja wanakuja, lakini wanapepesa macho." Kabla hajamaliza, uso wako umeshapata ile sura inayotakiwa na ofisi ya vitambulisho, naye anabonyeza. Watu wakampachika jina la Bwana Lakini. Akalilalamikia nalo: ni zuri, lakini refu.

Dada alivumilia miaka mingi. Kilichomfika kooni ni shati. Alimshonea mumewe shati la kijani, kola imekaa kama ya dukani. Shemeji akalivaa, akajigeuza mbele ya kioo, akasema, "Limenikaa vizuri, lakini vifungo vingi." Dada aliingia chumbani, akatoka na sanduku, akaja kwangu. Akasema harudi kwa mtu ambaye hawezi kushukuru mpaka mwisho wa sentensi. Sasa mimi nina chumba kimoja na kitanda kimoja, na dada yangu akilala anapiga mateke kama beki. Kwa hiyo niseme mapema: ndoa ile niliipigania kwa ajili ya mbavu zangu.

Nikamfuata shemeji studio. Nikamkuta anazungusha kitu mdomoni, shavu limetuna.

"Shemeji, unakula nini?"

Akakitemea mkononi. "Kifungo. Nimekitoa kwenye shati. Kikiwa mdomoni silalamiki. Kinasaidia, lakini kina ladha ya uzi."

Nikashika kichwa. "Shemeji, wewe unalipwa kwa kutazama watu. Basi watazame! Kabla hujafungua mdomo, mtazame huyo aliye mbele yako mpaka uone kitu kimoja kizuri. Kitaje, unyamaze."

"Halafu ndio niseme lakini?"

"Halafu unyamaze!"

Mteja wa kwanza alikuwa muuza nyama wa kona, mtu mwenye uso ambao hata nzi wanauheshimu. Shemeji akamvisha koti, akainama nyuma ya kamera, akamtazama. Akaendelea kumtazama. Jasho likamtoka. Muuza nyama akaanza kujikagua zipu. Mwishowe shemeji akasema, kwa sauti ya mtu aliyeokota kitu njiani, "Masikio yako yamelingana. Nimepiga masikio ya mtaa mzima, sijaona yaliyolingana namna hii." Muuza nyama akatabasamu mpaka magego yakaonekana, na kamera ikalia.

Ukawa ndio mtindo. Mwalimu wa hesabu akaambiwa paji lake la uso lina nafasi ya kutosha. Bibi wa nyumba ya jirani akaambiwa mikunjo yake yote imeelekea juu, dalili ya mtu aliyecheka sana ujanani. Akataka apigwe na nyingine ya kubaki nayo. Cha ajabu, shemeji mwenyewe akaanza kunoga. Siku nyingine nilimkuta amesimama tu, anatazama jua la asubuhi lilivyoingia dirishani na kutulia kwenye kile kitambaa cheupe cha ukutani nyuma ya stuli. "Miaka yote hii nilikuwa nasema linaniumiza macho," akaniambia. Akageuka. "Na stuli hii, shemeji, kumbe ina miguu mitatu mizima!" Nikampongeza. Wa nne sikuuliza.

Ndipo picha zikaanza kurudi. Karani wa ofisi ya vitambulisho alikuwa anazisukuma nje ya dirisha lake: "Hapa hatutengenezi kadi za harusi." Muuza nyama akaja amefura. "Picha yangu imekataliwa! Eti nacheka!" Shemeji akamtazama, akamshukuru kwa kutembea juani kote kule, akamwambia hasira imempa rangi nzuri mashavuni. Muuza nyama akajitahidi kununa, akashindwa. Picha ya pili ikaharibika, na ya tatu. Akaondoka akiuliza njiani kama kuna mpiga picha mwingine mwenye roho mbaya.

Nilimsimulia dada yote hayo nikidhani atalainika. "Anawatazama wateja," akasema. "Vizuri." Akageukia ukutani, nikapata teke. Asubuhi yake akaniomba nimsindikize kupiga picha ya hati ya kusafiria. Anakwenda kukaa kwa kaka yetu, ng'ambo ya mpaka. Nilitamani sana kitanda changu, ila si kwa njia hiyo. Machozi yalinilenga.

"Unaipiga wapi?" nikauliza, kana kwamba sijui.

"Pale pale. Taa yake ndiyo nzuri."

Shemeji alisikia alichofuata mkewe. Alipangusa stuli, akaipachika karatasi chini ya mguu mbovu isiyumbe, akainama nyuma ya kamera. Alikuwa amevaa lile shati la kijani, kifungo kimoja hakipo.

"Una kovu kwenye nyusi," akasema polepole. "Ulijigonga kwenye kabati siku tulipohamia. Tulicheka mpaka mwenye nyumba akaja kuuliza kuna nini."

Dada akauma mdomo, ukamponyoka. Picha ikatoka meno matupu.

"Nyingine," akasema kwa ukali.

"Ukikasirika pua yako inatangulia. Naipenda."

Meno tena.

"Acha!" dada akafoka huku anacheka, akaona aibu kwa kucheka. "Hii ni picha ya safari. Lalamika kama zamani, nipate sura, niende zangu!"

Shemeji akasimama wima. Neno moja tu lingempa mkewe picha, na picha ingempa safari. Nikaomba kimoyomoyo akatae.

"Kama unataka kweli," akasema, "nitakusaidia." Akainama tena.

"Chai napika mwenyewe, lakini bado natoa vikombe viwili. Kitanda kimekuwa kipana, lakini nalala pembeni pale pale pangu. Hili shati ni zuri kuliko nguo zote nilizowahi kuvaa, lakini sikukwambia. Na nyumba imetulia, lakini hakuna wa kuniambia ninyamaze."

Kamera ikalia.

Printa ikaguna weee, ikaitema picha. Tukaiinamia sote watatu. Macho wazi, mdomo umefungwa, kichwa kimenyooka.

"Imetoka vizuri," shemeji akasema, "la..." Akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Lakini nini?" dada akauliza. "Malizia."

"Lakini una chozi. Hapa, limeshuka mpaka kidevuni. Hawataikubali."

Dada akaishika ile picha. Kisha akalitazama shati, akaweka kidole pale pasipo na kifungo.

"Kiko wapi?"

Shemeji akakitoa mfukoni.

"Mdogo wangu," dada akaniambia bila kugeuka, "kaniletee sanduku langu. Na sindano."

Nilikimbia kama mwizi.

Picha ile shemeji ameibandika juu ya kitambaa cheupe, mahali ambapo mteja akikaa haioni. Anayeiona ni yeye, kila anapoinua macho kabla ya kufungua mdomo. Na zile sura za ofisini tumezipatia dawa: mteja akishindwa kuacha kutabasamu, naitwa mimi. Nasimama kando ya kamera, namweleza habari za kulala kitanda kimoja na dada yangu. Nilipofika kwenye teke la mbavu, uso wa muuza nyama ulishuka wenyewe, na picha yake haikurudi.