Karatasi ya Mguu wa Baba

Niliporudi nyumbani Katubuka likizo ya mwaka wa pili wa chuo, nilimkuta baba ameandikisha karatasi kwa wakili. Ilisema kwamba akizidiwa na kisukari akashindwa kujisemea, atakayemjibu daktari kama mguu ukatwe au usikatwe ni mpangaji wetu. Si dada yangu, wala si mimi. Mpangaji mwenyewe ni mama wa Kirundi aliyevuka mpaka na wakimbizi wenzake, akapanga chumba chetu cha uani badala ya kukaa kambini.

Miaka ile kila mtu mjini alikuwa na hadithi ya mkimbizi aliyekaribishwa chumba akaishia kumiliki nyumba. Hadithi hizo nilizidharau, lakini karatasi naziogopa. Niliisoma mara tatu nikitafuta neno nyumba. Halikuwamo. Hilo nalo likanitia shaka: labda ipo karatasi ya pili.

Nilimuuliza baba nani alimpeleka kwa wakili. Akasema alikwenda mwenyewe, kwa miguu, wakati bado anayo miwili. Je, aliambiwa kuwa huenda daktari asiifuate? Aliambiwa. Na mambo ya benki? Hayo alishampa dada yangu kwa hati nyingine, na wakili akamwonya kwamba hati ile hufa pale akili zake zitakapomtoka. Kila swali lilikuwa na jibu, nami simwamini mtu mwenye majibu yote.

"Mwanangu, shule imekufanya askari," alisema. "Baba yako mdogo alikufaje?"

Nilijua. Mguu wake ulikuwa umeoza, daktari yuko tayari, ukoo ukasema hakatwi mtu kabla kaka yao mkubwa hajafika kutoka Mwamgongo. Ziwa likachafuka, boti ikachelewa siku mbili. Kaka mkubwa alifikia mazishini.

"Wewe ungesema wakate?"

Nilikitazama kidole chake cha mguu kilichofungwa bandeji.

Mpangaji alikuwa mlangoni pake akichambua dagaa, kumbe anasikia yote. Kwao alikuwa muuguzi. Alisema kazi hii hakuiomba. Baba akifia kwenye meza ya upasuaji, ukoo utasema kauawa na mkimbizi, na kwa kuwa hana kibali cha kuishi nje ya kambi, neno la ndugu mmoja tu lingetosha kumwondoa pale.

"Nitasema wakate," aliniambia. "Lakini uandike hapo chini kwamba umesoma na umekubali. Usije ukayaleta maswali yako siku ya msiba."

Wiki nzima nilikuwa nikimchunguza yeye. Haikunipitia akilini kwamba naye alikuwa akinichunguza mimi.

Niliandika, nikatia saini. Kesho yake nilikwenda katikati ya mji kutoa nakala mbili. Moja nilimpa yeye, akaikunja na kuifunga kwenye pindo la kitenge chake. Nyingine niliificha ndani ya begi langu, bila kumwambia mtu.