Shamba la Kutundikia Taa

Mama Taa hakuzaliwa na jina hilo. Tulimpa sisi, tena kwa kejeli. Kabla ya hapo alikuwa mke wa fundi baiskeli, mwanamke wa maneno machache na kicheko cha ghafla. Fundi alipokufa, ukoo ulimwachia shamba la pamba kwa sharti moja: alilime, alivune. Akishindwa, linarudi kwa shemeji yake, yule mwenye tumbo na funguo nyingi kiunoni. Mtoto hana, kwao pa kurudi hana. Shamba hilo ndilo lililokuwa kula kwake na kulala kwake.

Mwaka huohuo bwana shamba akatuletea mtego: taa ya sola juu ya mti, chini yake beseni la maji ya sabuni. Nondo wanaozaa funza wa pamba hufuata mwanga, wanadondokea majini, na asubuhi unawahesabu. Wakizidi, unapandisha kitambaa chekundu, nasi sote tunajua leo ni kupiga dawa. Kitu kizuri, nani akatae? Ila bwana shamba akaongeza, huku akifuta miwani, kwamba shamba lenye taa lisipigwe dawa, hesabu isije ikaharibika. Na si nondo wote wanaoanguka kwenye beseni. Wengine wanatua kwenye pamba ya hapo karibu, wanataga.

Weee! Kikao kizima cha wakulima pale ghalani kikaanza kuangalia kucha zake.

"Kwa shemeji yangu panafaa," akasema mwenye funguo. "Yuko peke yake, atapata cha kumshughulisha."

Makofi yakapigwa kabla mwenyewe hajafungua mdomo. Nilitaka kusema neno, maana mdomo wangu hauna breki, lakini mume wangu, wakati huo bado mzima, akanikanyaga mguu. Shamba letu lilipakana na la huyo mjane. Taa ingehamia wapi, kama si kwetu? Nikaufyata.

Kazi aliipenda, na hilo ndilo linalonitia hasira mpaka leo. Asubuhi alichuja maji, akamwaga nondo kwenye sahani nyeupe, akawatenga kwa unyoya wa kuku: wa funza huku, takataka kule. Ukipita anakuita uone doa kwenye bawa, utadhani anakuonyesha kitenge kipya. Kitambaa kikipanda, tunabeba mabomba mgongoni, tunapiga dawa huku tunataniana. Pamba yetu ikafunguka nyeupe. Yake ikatobolewa tumba kwa tumba.

"Mwenzangu," akaniambia siku moja, ameshika tumba lililooza, "nisemee kwa shemeji. Taa ihamie kwake, hata msimu mmoja tu."

"Umepewa cheo," nikamjibu. "Unalia nini?"

Akaenda kwa bwana shamba, akaambiwa mchango wake ni mkubwa. Akaja kikaoni, shemeji akamuuliza mbele za watu kama amechoka kulima aseme. Tukacheka. Mavuno yalipokuja hakujaza hata gunia, ukoo ukaketi, shamba likarudi. Alitolewa na godoro lake kichwani, shemeji akimsimamia asije akaondoka na bawaba za mlango. Wakamruhusu alale stoo, nyuma ya ghala la pamba, kwa malipo ya kufagia.

Na unajua shemeji alianza na nini? Kung'oa taa!

"Inavuta wadudu," akasema kikaoni, mkavu kabisa. Watu wakaitikia kwa vichwa, hakuna hata mmoja aliyeshangaa.

Ikabaki kutafuta pa kuitundika. Mume wangu tulikuwa tumemzika mvua zilipoanza, na wadogo zake walishanipa sharti lilelile: livune, au nifungashe. Macho yakazunguka kikaoni, yakatua kwangu.

"Kwa mama huyu panafaa," akasema mwenye funguo. "Yuko peke yake."

Nikageuka kumtafuta Mama Taa. Alikuwa mlangoni na ufagio wake. Yeye ndiye pekee aliyejua vizuri taa ile inafanya nini, na hakuna mtu aliyemkanyaga mguu. Nikasubiri aseme. Makofi yakapigwa.

Asubuhi yake akaniletea beseni, sahani na unyoya, akavipanga kizingitini kwangu.

"Si ungesema, jamani?" nikamwambia, machozi yananitoka. "Neno moja tu!"

Akacheka kile kicheko chake cha ghafla.

"Umepewa cheo," akasema. "Unalia nini?"