Shangazi na Umeme Safi wa Kalamu Nne

"Shangazi, kwa nini ulimwacha yule bwana achukue sifa zako?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa na miaka tisa, jikoni kwake, akisugua vidole vilivyonuka solda, ile risasi ya kuunganishia nyaya. Akanipa bakuli nikaushe. Jibu langu likaishia kwenye bakuli hilo kwa miaka saba.

Yule bwana alikuwa injinia mkuu wa karakana alikofanya kazi shangazi yangu. Wafanyakazi walimwita Kalamu Nne, maana alichomeka kalamu nne mfukoni mwa shati, na hakuna aliyewahi kumwona akiandika hata na moja. Kazi yake ilikuwa kupita kati ya meza, mikono nyuma, akiguna. Akiguna mara mbili, ujue hajaelewa. Akiguna mara moja, hajaelewa vilevile ila ana haraka.

Karakana ilitengeneza vifaa vya kuzima pampu tangi la maji likijaa. Ndani ya kila kifaa kuna kitambuzi, yaani chipu ndogo kuliko punje ya mahindi, yenye miguu mitatu tu: wa kuingiza umeme, wa kuurudisha, na wa kutoa jibu. Nyingi zilifika zikitoa jibu la uongo, pampu inazimwa tangi likiwa nusu. Zilitupwa kwenye ndoo. Utarekebishaje kitu kisicho na mguu wa kupokelea maagizo?

Siku moja swichi ya meza ya shangazi ililegea, umeme ukawa unarukaruka, na chipu iliyokuwa mezani ikabadilisha jibu lake. Mafundi wengine wakasema imeungua. Yeye akakaa nayo wiki tatu na daftari, mpaka akagundua jambo ambalo nilipoelezwa nilibaki mdomo wazi: maagizo yanapitia mguu uleule wa umeme! Unapandisha volti kutoka tano hadi nane, unashusha, unapandisha tena, upesi na kwa hesabu maalumu, kama mtu anayebisha hodi kwa namna aliyopatana na wa ndani. Chipu ikiisikia hodi hiyo, inafungua sehemu yake iliyofichwa na kukubali kurekebishwa. Ukipita umeme wa kawaida, haijishughulishi. Shangazi akafunga kitufe cha kengele ya mlango mezani kwake, akawa anabisha hodi kutwa. Ndoo ikaacha kujaa. Kalamu Nne hakuuliza kwa nini. Kuuliza si kazi ya wakubwa.

Kisha bwana huyo alikwenda semina ya siku mbili, akarudi na habari ya "umeme safi". Kila meza ifungwe kapasita kubwa kama kopo la soda, imeze kila mtikisiko wa umeme.

"Bosi, meza yangu niachie ilivyo," shangazi alimwambia.

"Mama, sayansi haina meza yako na meza yangu."

"Umeme safi!" shangazi akanung'unika aliporudi nyumbani. "Kwani huu wa zamani ulikuwa umepakwa matope?"

Kapasita ikafungwa, na ikameza hodi zote. Shangazi anabonyeza, chipu haisikii kitu. Vitambuzi mia mbili vikakataa. Yeyote mwenye akili ya kuku angejiuliza ni nini kimebadilika wiki hiyo. Kalamu Nne alijiuliza nani wa kufukuza. Akatangaza mbele ya wote kwamba mama huyu ameviunguza kwa kitufe chake cha kengele. Ijumaa mchana visipofaulu, akabidhi koti la kazi aende kwake.

Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo Ijumaa hiyo nilikuwepo, nimekaa juu ya boksi nyuma ya shangazi. Kalamu Nne akaja. Akaguna mara mbili.

"Haya mama, koti."

"Subiri kidogo, bosi."

Shangazi akachukua koleo, akakata mguu wa ile kapasita. Ka! Ikabingirika hadi kwenye kiatu cha bwana mkubwa.

"Wee! Unaharibu mali ya karakana!"

 Shangazi akaweka chipu, akabonyeza kitufe chake, tita-tita-ta, taa ya kijani ikawaka. Ya pili, kijani. Ya kumi, kijani. Mafundi waliacha meza zao wakaja kuzunguka, mmoja akapiga mluzi.

"Bahati tu hiyo," Kalamu Nne akasema, jasho likimchuruzika.

"Sawa bosi. Ngoja nikuongezee bahati mia na tisini."

Koti likabaki mgongoni kwake. Lakini Jumatatu ubao wa matangazo ulikuwa na karatasi: "Utaratibu wa Injinia Mkuu wa Kuamsha Vitambuzi". Hesabu zote aliimbiwa na shangazi mwenyewe, naye akazinakili kama mtoto wa darasa la kwanza, akatia sahihi yake, ndefu kama reli. Wenye karakana wakampa cheti. Akakitundika ukutani, kimepinda, hata hilo hakuliona.

Mwezi uliopita karakana ilipunguza watu. Nusu ya mafundi walirudishwa nyumbani, na aliyechagua majina ni Kalamu Nne. Shangazi hakuguswa. Nikamwuliza tena lile swali, safari hii kwa hasira, maana nimekua na simvumilii yule mtu hata kwa kutajwa. Shangazi akacheka mpaka akaweka kikombe chini.

"We mtoto, nani kakwambia nilimpa zote? Ukimaliza kurekebisha, kuna hodi moja ya mwisho, ndefu, ya kuifungia chipu isisahau. Usipoipiga, umeme ukizimwa tu, yote yamefutika. Hiyo sikumtajia. Kila boksi la vifaa, miaka saba hii, lazima lipite mezani kwangu nirudie hodi zote na hiyo ya mwisho kabla halijatoka. Siku nisipokuwepo wateja wanarudisha vifaa, kwa hiyo hathubutu kunifukuza, na bado anadhani maboksi nayapangusa vumbi tu."