Kikohozi Ng'ambo ya Ua

Phelis ni jirani yangu, ua tu ndio unaotutenganisha, na miaka miwili iliyopita nilikuwa siwezi hata kumtazama. Ni wivu, sitazunguka.

Mwaka huo alimzika mumewe, Nicholas, mwezi wa Machi. Mei ikashuka mvua ya mawe huku kwetu karibu na Chepilat, ikachana chai yake na yangu sawasawa. Jumapili akasimama kanisani akasema Mungu hajamtupa. Akina mama wakampigia makofi. Chai yangu pia ilikuwa imechanika, lakini nani alinipigia mimi?

Julai, wakati wa baridi, alishika panga akakata chai yake yote hadi magotini, ichipue upya. Yote! Ukikata hivyo huchumi kitu miezi mitatu na zaidi. Alikula mboga na maziwa ya ng'ombe mmoja, na shambani alikuwa anaimba. Nilimwambia Kipsang, mzee wangu, "Huyo mama atakufa njaa na nyimbo zake." Kipsang akakohoa tu. Ana kikohozi cha miaka mingi, na kila jioni nilikuwa namfukuza akakohoe nje.

Novemba chai ya Phelis ikarudi, kijani mpaka inaudhi. Kwenye kituo cha kuuzia majani karani aliinua konzi moja ya majani yake akawaonyesha watu. Nilirudi nyumbani nimevimba.

Haraka haraka haina baraka, methali hiyo naijua tangu shule. Lakini Januari, jua likiwaka, nilikata yangu yote. Matawi huachwa juu ya visiki yavikinge na jua. Mimi niliyabeba nyumbani yawe kuni. Sikuwa nalima, nilikuwa nashindana na Phelis. Baada ya wiki mbili magome yakaanza kupasuka. Chai hiyo ndiyo inayotulisha, na nilikuwa nimeiua kwa mkono wangu.

Asubuhi moja Phelis akapita penye ua na mzigo wa nyasi mgongoni, akaanza kufunika visiki vyangu.

"Umekuja kucheka?" nikamwuliza.

"Mama Kiplimo, shika upande huo."

"Wewe uko na imani. Mimi sina. Wachana na mimi."

Akasimama. "Imani gani? Siku nilikata yangu nilikuwa nalia. Niliimba ndio watu wasisikie. Nilimwambia Mungu, mizizi ni yako, mimi nakata. Imani ilikuja nyuma, nikiwa nimeshamaliza kukata." Akatandaza nyasi. "Na usifikiri mimi sikuonei wivu. Kila jioni nasikia mzee wako akikohoa hapo nje. Huku kwangu ni kimya."

Nikashika nyasi.

Tulifunika siku tatu. Nilisali kwa maneno yake yaleyale, kwa aibu, kwa sababu yangu sikuwa nayo. Mvua iliporudi, theluthi ya visiki ilikuwa imekufa kabisa. Vilivyobaki vilichipua. Wivu nao haujaisha wote, nisidanganye.

Lakini jioni ile ya kwanza ya kufunika, mikono ikiwa bado inaniwasha kwa nyasi, Kipsang alianza kukohoa, akainuka atoke nje kama nilivyomzoesha.

"Kaa," nikamwambia, nikamsogezea kiti karibu na moto.